Muulize Mwalimu: "Mawe tena?"

Barua

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Lanet, Nakuru.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 9, wa kati ni msichana wa miaka 5, na kitinda mimba ana miaka miwili na nusu. Baba yao ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini: simiti, mabati, misumari na kadhalika. Ni mtu mzuri. Halewi, hana kelele, karo analipa kwa wakati. Shida yake ni historia. Wanaume wengine Jumapili wanatazama mpira, huyu wangu anatafuta vibao vya barabarani vinavyoonyesha mahali pa kale, na akikiona kimoja lazima asimamishe gari.

Likizo ya Agosti alitutoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Tukaanza na Kariandusi kule Elementaita kuona mashoka ya mawe, tukarudi hadi Hyrax Hill, na saa tisa alasiri tukawa kwenye kasri la Lord Egerton kule Ngata. Yote hayo siku moja! Kariandusi watoto walifurahi, hasa kwa sababu kulikuwa na mijusi. Hyrax Hill yule wa kati alijilaza kwenye nyasi akauliza, "Mawe tena?" Baba yake hakucheka. Kwa Egerton alitaka tuhesabu vyumba vyote 52 alivyojijengea yule Mzungu. Tulipofika cha kumi na mbili mdogo akatapika, na mkubwa akauliza kama pana intaneti. Tulirudi nyumbani hakuna anayemsemesha mwenzake. Usiku huo mume wangu aliniambia kwamba ninalea watoto wasiojua walikotoka. Nililia, Mwalimu.

Sasa Desemba inakuja na ametundika karatasi ya manila kwenye ukuta wa sebule. Siku nne. Ya kwanza, kuondoka saa tisa usiku, kupitia Nandi Hills kwa Koitalel Samoei, yule kiongozi wa Wanandi aliyewapinga Waingereza, kisha Makavazi ya Kisumu. Ya pili, jiwe la Kit Mikayi na kaburi la Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza, kule Bondo. Ya tatu, kisiwa cha Rusinga, kaburi la Tom Mboya. Ya nne, Thimlich Ohinga, yale maboma ya kale ya mawe, na kurudi Nakuru usiku huohuo. Kila mahali ameandika dakika. Kit Mikayi, dakika 40. Kwa Mboya, dakika 35. Choo hakikuandikwa popote.

Thimlich ameipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Marehemu babake alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Nakuru, naye alimwahidi akiwa darasa la sita kwamba angempeleka. Mzee akafariki kabla ya kutimiza. Kwao ni upande wa Rongo. Mimi nilizaliwa Njoro na huko kwao nimefika mara mbili tu, mara ya mwisho ikiwa matanga ya mzee.

Mama mkwe, tunayeishi naye, hataki kusikia habari ya safari hii. Anasema watoto hawatembezwi makaburini kama wanaopelekwa sokoni, wataota ndoto mbaya. Juzi aliisimamia ile manila akaitazama sana, akasema, "Makaburi ya wakubwa mmeyapangia dakika, na la mwenye nyumba nyasi zimefika kiunoni." Akaenda kulala bila kula.

Gari letu ni la watu watano. Nimewaza niwaache watoto kwa mamangu Njoro, baba yao aende peke yake, au twende wawili. Nimewaza pia nimwambie pesa zimeisha, ingawa si kweli. Niambie ukweli, Mwalimu: watoto wa umri huu wanapata nini kwenye turathi za kitaifa? Na ni vibaya kuwapeleka makaburini? Nijibu kabla hajalipia hoteli.

Mama Watatu, Lanet

Jibu

Mama Watatu, la haraka kwanza: usimwambie pesa zimeisha. Mtu anayeuza misumari kwa kilo anajua kilichobaki kwenye droo.

Pia nikiri upande wangu kabla hujanishuku. Mimi ni wa mbari ya mumeo, ile ya watu wanaosimamisha gari wakiona kibao. Nilifundisha shule ya msingi Kisumu kwa miaka mingi, na ziara ilipotajwa mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuandika majina. Mwaka mmoja nilipeleka darasa la nne Makavazi ya Kisumu, pale kando ya barabara ya Kericho. Nilikuwa nimeandaa somo la kutosha kumlaza ofisa wa elimu. Tuliporudi nikawapa insha. Karibu wote waliandika juu ya mamba na nyoka. Mmoja tu aliandika juu ya boma la Kijaluo lililojengwa pale uani, na jinsi nyumba ya mke mkubwa inavyotazamana na lango. Nikamwita nimpongeze kwa kunisikiliza. Akaniambia, kwa heshima zote, kwamba hakunisikiliza. Nyanya yake ndiye mikayi wa boma lao, yaani mke wa kwanza, na yeye alitaka tu kuhakikisha kama makavazi wameiweka nyumba mahali pake.

Tangu siku hiyo nikiulizwa mtoto mdogo anapata nini kwenye turathi, nauliza kwanza ni mtu gani wake aliyeko ndani ya hadithi. Mijusi wa Kariandusi nao wahesabu, wala usiwaonee haya. Mtoto aliyechuchumaa kumtazama mjusi juu ya jiwe ameliona na jiwe.

Sasa ile Agosti. Mumeo alichukua siku tatu akazikunja ziwe moja. Kariandusi peke yake inatosha siku ya mtoto: mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipafikia mwaka 1928, na mashoka yako papo hapo ardhini, mengine ya kile kioo cheusi cha volkano, na unaweza kumuuliza mtoto angelishika vipi shoka lisilo na mpini. Hyrax Hill nayo, ambapo Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937, iko karibu nanyi hapo Lanet kiasi kwamba haikuhitaji kubebanishwa na safari ya mahali pengine. Ile ni ya Jumamosi jioni baada ya kufua. Na kitinda mimba wa miaka miwili na nusu hana historia, ana usingizi wa saa saba mchana. Ratiba isiyoheshimu usingizi huo itatapikiwa, iwe kwa Egerton au kwa Mfalme wa Uingereza.

Hapa nikuchokoze kidogo na wewe. Umeandika "shida yake ni historia", kana kwamba wewe umesimama nje ya ua. Ulizaliwa Njoro. Chuo kilicho hapo kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya huyohuyo Egerton aliyewatapisha watoto, na kasri lake alilijenga kuanzia 1938 hadi 1954. Mamako hana la kusimulia kuhusu miaka hiyo, au hajaulizwa? Mumeo alipotaka vyumba vihesabiwe, pengine wewe ndiye ungesema, "Nyanya yenu wa Njoro alikuwa anapita hapa." Mtoto angeuliza, "Akipeleka nini?" na ziara ingeanza.

Tuje kwenye manila. Nimeitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kubeba watoto arobaini kwa basi moja, na haiendeki. Bondo iko magharibi ya Kisumu, Thimlich iko kusini, na Ghuba ya Winam imelala katikati. Najua mumeo atajibu kwamba kuna feri ya kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita. Ipo, na watoto wangeipenda kuliko makavazi yote, lakini ukiikosa umekaa ufuoni na nepi zinaisha. Halafu kurudi kutoka Thimlich hadi Nakuru usiku huohuo! Ni mwendo wa kutwa hata kwa mchana, na mwisho wake mnapita Londiani gizani katikati ya malori. Juni 2023 zaidi ya watu 50 walifia pale njia panda, tena jioni jua halijazama vizuri. Hilo futa leo, hata kama hufuti kitu kingine.

Mimi ningebakisha Thimlich. Ndiyo yenye mistari miwili myekundu. Haya mengine naona aliyaongeza ili isionekane kwamba familia nzima inasafiri kwa ajili ya ahadi aliyopewa yeye darasa la sita. Wanaume tuna njia hizo.

Na kwa bahati nzuri, katika yote aliyoyaandika, Thimlich ndiyo inayowafaa watoto kuliko zote. Iko takriban kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Jina lenyewe la Kijaluo hufasiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha, kwa hiyo mkubwa wako ameshashikwa. Ni maboma ya mawe, lililo kuu likiitwa Kochieng, na inakadiriwa kuta zilijengwa karne ya 16. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Inaaminika watu wa Kibantu walitangulia kukaa humo, Wajaluo wakaja baadaye wakazitengeneza upya kuta zilizobomoka, na maisha yakaendelea ndani hadi karne ya 20. Kwa watoto ambao damu yao inatoka pande mbili hiyo si habari ndogo. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, unene karibu mita moja, na ndani yake hamna tope wala simiti.

Mama, mume wako anauza nini?

Wiki mbili kabla ya safari wape watoto rundo la mawe uani wajenge ukuta mkavu. Bila tope. Wauone utafika wapi kabla ya kuanguka, kwa sababu utaanguka. Baba yao akija jioni aulizwe kwa nini umeanguka, naye, muuza simiti, ahangaike kujibu. Siri ya Thimlich ni kwamba ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati umeshindiliwa mawe madogo, kila jiwe likimshika mwenzake. Msiwaambie. Waende na swali lao mfukoni, wakifika waukague ukuta wenyewe. Ila sheria iwe moja na isirudiwe mara mbili: kugusa sawa, kupanda hapana. Jiwe likitoka kwenye ukuta wa namna ile linaita mengine. Vilevile kuna miti yenye utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia machoni ni hospitali. Wasivunje matawi.

Malango ya boma ni ya chini. Husimuliwa kwamba yaliwekwa hivyo ili mgeni mbaya aingie ameinama, kichwa kikitangulia, mwenye boma akimngoja upande wa pili. Wewe na mumeo mtainama. Yule wa "mawe tena" atapita amesimama wima.

Kuna jambo jingine la kuunganisha kwenu na huko. Hyrax Hill kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Rudini pale Jumamosi moja, wa miaka 9 aonyeshwe, kisha mnunue bao la mbao au mchimbe vishimo uani mcheze kwa kokoto. Wajaluo huliita ajua, na mama mkwe wako nadhani atawashinda nyote. Mkifika Thimlich, kijana amuulize mwongozaji wazee wa pale walikuwa wakichezea wapi ajua yao. Mwongozaji akiulizwa swali na mtoto huacha ile hotuba ya kila siku, anaanza kusema kama mtu.

Sasa makaburi. Sikubaliani na mama mkwe kuhusu ndoto mbaya. Watoto wetu wamekulia matangani, wanakimbiza kuku kati ya viti vya plastiki huku wazima wakiimba. Kaburi haliwatishi. Wanachokiogopa ni mtu mzima anayekwepa swali lao. Kule Rusinga swali haliepukiki, maana jengo la Tom Mboya lina umbo la risasi, na kijana wa miaka 9 atauliza kwa nini. Mjibu kwa ufupi na kwa kweli: alikuwa waziri, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alikuwa na miaka 38. Halafu usiishie kwenye risasi. Mwambie habari ya vijana waliopandishwa ndege kwenda kusoma Marekani kuanzia 1959 kwa juhudi zake, umuulize yeye angeacha nani nyumbani. Wa miaka 5 umwambie mtu alimuua, watu wakahuzunika, wakamjengea hapa. Basi. Ukiongeza siasa utakwama, kwa kuwa hata sisi wazima hatujaimaliza hiyo habari.

Bondo ni tofauti kidogo. Tangu mwanasiasa Raila Odinga, mwanawe Jaramogi, azikwe pale nyumbani kwao, Kang'o ka Jaramogi, mnamo Oktoba 2025, wapo watu wanaofika na machozi mabichi. Mahali kama hapo huendi na mtoto wa miaka miwili anayetaka kuimba, na saa mkononi. Mtaenda akiwa mkubwa. Kwa hiyo nayafuta makaburi hayo mawili kwa sababu ya barabara, ndoto hazimo. Kit Mikayi nalo nalifuta, na linaniuma, kwani lina hadithi ya mzee aliyelipenda jiwe hadi mkewe akawa anampelekea chakula hapo na kuliita jiwe la mke wa kwanza. Lakini jiwe lile halina haraka. Koitalel, aliyeuawa Oktoba 1905, mpeni safari yake mwenyewe. Nandi Hills si mbali nanyi.

Nimeliacha nyuma jambo ambalo naona ndilo barua yako yote. Ile kauli ya mama mkwe umeiandika kama lawama za mzee asiyependa safari. Isome tena. "Mwenye nyumba" ni mume wake. Mwanawe ameandika makaburi mawili ya watu ambao hakuwahi kula nao, akayapangia dakika, na la babake hakuliandika, ilhali kwao ni Rongo na Rongo iko katika kaunti hiyohiyo ya Thimlich. Mama yule aliitazama karatasi akitafuta jina la mumewe, hakuliona, akalala njaa.

Simlaumu baba watoto. Huenda kusimama kwa Tom Mboya dakika 35 ni rahisi kuliko kusimama kwa babake dakika mbili, akiwa amechelewa miaka yote hiyo na nyasi zile. Au pengine hakufikiria tu. Wewe unamjua, mimi nina barua.

Kwa hiyo mama mkwe aende. Anajua barabara, anajua jamaa, na zaidi ya yote yeye ndiye aliyekuwepo nyumbani siku mzee alipotoa ahadi. Maneno aliyoyasema mzee kuhusu Thimlich huenda anayo yeye pekee. Kwa watoto, babu aliyetaka kumpeleka baba na hakuwahi anazidi karne ya 16 kwa mbali.

Mtakuwa sita, na gari ni la watano. Mtoto hapakatwi kwa safari ya namna hii, hata kama nyanya anasema amewapakata wengi. Kodini gari la viti saba, Noah au mfano wake, pamoja na dereva kama mumeo anataka kutazama vibao. Siku ya kwanza ondokeni baada ya chai, saa mbili, mjinyooshe Kericho, mfike Kisumu alasiri na msione chochote isipokuwa ziwa. Walitazame tu, wasiingie majini. Kichocho kipo ufuoni, na maji yanayoonekana matulivu ndiyo konokono wake wanayapenda. Asubuhi ya pili nendeni makavazi, mamba kwanza ili roho zitulie, kisha lile boma la mikayi pamoja na nyanya. Msizidi saa moja na nusu. Saa saba kitinda mimba awe amelala garini mkielekea Homa Bay. Siku ya tatu mapema Thimlich, mkipitia Rodi Kopany. Pigeni simu kabla muulize hali ya barabara, hasa kama mvua za vuli zimechelewa kuisha. Maji na chakula bebeni chenu: chapati, mayai, ndizi, viazi vitamu. Na poti ya mtoto, kwa kuwa manila imesahau. Jioni Rongo. Siku ya nne mrudi kupitia Kisii na Kericho, jua likiwa juu.

Malazi ya Rongo muulize mama mkwe mapema, usipange wewe. Kama baba watoto hajajenga nyumba yake ndani ya boma, kwa desturi ya Kijaluo wewe naye hamwezi kulala katika nyumba ya mamake, na huenda ikawabidi mtafute chumba Rongo mjini, wajukuu wabaki na nyanya yao. Akikuona umeuliza kabla hajasema, mtaelewana kwa mengi.

La afya, na hili usilipuuze: watoto wa Nakuru hawajazoea malaria ya kanda ya ziwa. Pitieni kliniki kabla ya safari muulize kuhusu kinga, mlale ndani ya neti kila usiku, na mikono mirefu ivaliwe jioni. Mtoto yeyote akipata homa hata wiki tatu au nne baada ya kurudi, mpeleke apimwe siku hiyohiyo na useme mlikuwa Homa Bay na Migori. Daktari wa Nakuru asipoambiwa anaweza kuanza na kikohozi.

Kuhusu kumwambia mumeo. Usiibandue manila, na usiseme mbele ya watoto wala mbele ya mamake. Ngoja watoto walale. Muulize, kama angeruhusiwa kubakisha mahali pamoja tu, angebakisha wapi. Unajua atakalosema. Halafu muulize mzee alikuwa amesema nini hasa siku ile alipoahidi, ukae kimya amalize, hata akichukua nusu saa. Neno la Rongo liache litoke kwake. Lisipotoka, mwambie ulichomsikia mama akisema, neno kwa neno, bila kuongeza lako.

Na fyekeo msibebe kutoka Nakuru, itachukua nafasi ya miguu ya watoto. Mtaazima kwa jirani pale Rongo. Atakuja nayo mwenyewe, atataka kujua huyu ni mtoto wa nani, na huyu je, na mtakaa hapo mpaka giza.